Mamlaka Yanayobisha Hodi

Mtu wa pwani akisikia neno “sherifu” humjia kwanza sharifu, mtu wa nasaba ya Mtume, anayestahiwa kwa damu yake. Sherifu wa Wyoming, Marekani, hana damu ya kujivunia. Ana kura. Kila miaka minne huwarudia wale aliowatia pingu, na shemeji zao, kuwaomba wamwachie ofisi.

Ndiyo raha ya Longmire, tamthilia iliyoanza 2012. Kituo cha A&E kiliikata baada ya misimu mitatu, si kwa kukosa watazamaji, bali kwa kuwa wengi wao walikuwa wazee na wenye matangazo wanawataka vijana. Netflix ikaiokota hadi 2017. Wazee wale, kwa maoni yangu, walijua wanachokitazama.

Walt Longmire, sherifu wa wilaya ya kubuni ya Absaroka, hana simu ya mkononi. Huja mwenyewe, kofia kichwani, kwa gari kuukuu aina ya Bronco. Hapo ndipo fikra inaponinasa. Tunadai sheria isijue jina la mtu; ndiyo maana mwanamke wa mizani, sanamu ya haki, hufungwa kitambaa machoni. Lakini anayegonga mlango usiku kuleta habari ya msiba, nani angetaka awe mgeni? Tunataka hakimu asiyetujua na askari anayetujua, na katika mji mdogo hao wawili hukaa ndani ya kofia moja.

Kujua nako kuna upofu wake. Mke wa Walt aliuawa Denver. Mshukiwa naye akauawa, na aliyeshtakiwa ni Henry Standing Bear, mwenye baa ya Red Pony, rafiki wa Walt tangu utotoni. Walt anaamini kwanza, ushahidi anautafuta baadaye. Henry kweli hakuua. Je, hilo linamsafisha Walt? Sidhani. Aliyefika salama kwa kuendesha macho yamefumbwa hajawa dereva mzuri.

Halafu upo mpaka. Jirani na Absaroka ni ardhi ya Wacheyenne, ambako beji ya Walt haina nguvu. Tangu sheria ya 1885, makosa mazito ya Wenyeji wa Amerika katika ardhi zao ni ya serikali kuu ya Marekani. Sherifu wa wilaya hana lake. Watu anawajua kwa majina, ila lazima apitie kwa Mathias, mkuu wa polisi wa kabila, ambaye hamchekei. Ujuzi uleule, bila pingu: kumbe kilichobaki ni adabu.

Kwetu hodi ni tatu. Usipojibiwa, unarudi ulikotoka. Walt, akiwashwa na kesi, mara nyingine huvuka bila kungoja jibu. Nami, niliyekaa kwenye kochi nikijiita mpenda haki, nilimshangilia.