Kunyamaza kwa Mwongozo: Dhamana ya Anayemwelekeza Wakala wa Akili Unde

Miongoni mwa maswali ya maadili yaliyoletwa na akili unde, limo moja lisilojadiliwa vya kutosha: mtu anapoandika mwongozo utakaosomwa na mashine badala ya binadamu, anabeba dhamana gani kwa yatakayotendwa kwa mujibu wa maandishi yake? Wakala wa akili unde ni programu ambayo, ikishapewa lengo, hujichagulia hatua za kulifikia na kuzitekeleza kwa kutumia zana, yaani programu nyingine zenye kazi mahususi, kama vile kutuma ujumbe au kupakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Katika Model Context Protocol, itifaki ya kuunganisha programu za akili unde na zana, iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic mnamo Novemba 2024, zana hujitambulisha kwa jina, kwa maelezo ya maneno ya kawaida na kwa orodha ya vitu inavyopokea, na mara nyingi wakala hana kingine cha kumwongoza katika kuitumia.

Uzito wa swali hili huonekana wazi katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, zinazojulikana kwa mvua ya mawe ya mara kwa mara. Mawe yakishapita, machipukizi huwa yamekatika na majani yaliyosalia kuchanika, na mkulima mdogo wa Konoin au Bureti, anayetakiwa kuchuma majani mawili na chipukizi, hukosa cha kupeleka kituoni mpaka michai ichipue tena. Ichukuliwe kwamba kikundi cha wakulima kimemkabidhi wakala kazi ya kupakia picha za hasara hiyo ili mtathmini wa bima azione, na kwamba mwongozo wa zana unasema tu kuwa zana hupokea picha za aina ya JPEG au PNG na kurudisha anwani ya mtandaoni. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayasemi kama anwani hiyo inaweza kufunguliwa na yeyote, kama picha inaweza kufutwa, wala kama zana huondoa taarifa zilizofichika ndani ya faili, ambazo kwa picha za simu huweza kujumuisha saa na mahali hasa zilipopigwa. Ikiwa kando ya michai iliyochanika amesimama mtoto wa jirani, basi sura yake na mahali anapoishi vitapakiwa pamoja na ushahidi wa hasara, kwa kuwa hakuna neno lililomzuia wakala.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza faini shule iliyochapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Hata hivyo, sheria humtafuta mwenye kosa baada ya madhara kutokea, ilhali maadili huuliza ni nani aliyeweza kuyazuia.

Wa kwanza kuulizwa ni anayetoa maagizo, na mfano wa kale wa kumwelekeza wakala, ingawa huyo alikuwa binadamu, umo katika sura ya 24 ya kitabu cha Mwanzo, ambamo Ibrahimu anamwapisha mtumishi wake na kumtuma amtafutie mwanawe Isaka mke katika nchi aliyotoka Ibrahimu. Mtumishi anauliza itakuwaje mwanamke akikataa kumfuata, na Ibrahimu anamjibu kwamba hapo atakuwa amefunguliwa kiapo chake, ila asimrudishe Isaka katika nchi ile. Namna ya kumtambua mwanamke huyo Ibrahimu haielezi, na ni mtumishi mwenyewe anayeibuni akiwa kisimani. Mtumaji mwema, basi, si yule anayeagiza kila hatua, bali ni yule anayeweka wazi mpaka usiovukwa na kumwonyesha aliyemtuma pa kuishia kazi inaposhindikana.

Mtumishi yule alipata nafasi ya kuuliza kabla ya kuondoka, kama ilivyo katika kokwet, baraza la majirani la Wakipsigis, ambamo asiyeelewa huuliza na kujibiwa papo hapo. Maandishi hayana uwezo huo, kama Plato alivyokwisha kulalamika, na kwa hiyo mwandishi wa mwongozo analazimika kujiuliza kwa niaba ya msomaji asiyeweza kumfikia.

Inaweza kupingwa kwamba wakala amefunzwa kwa maandishi mengi ya wanadamu, hivyo anaijua staha bila kukumbushwa, na kwamba hakuna mwandishi awezaye kutabiri kila tukio. Hoja ya kwanza inamwachia wakala akisie juu ya sura na makazi ya watu ambao hawakumpa ruhusa ya kukisia. Ya pili ni ya kweli, lakini haimwondolei mwandishi wajibu, kwa sababu hadaiwi utabiri. Anadaiwa kusema anachokijua tayari: picha itaonwa na nani, itadumu kwa muda gani, ni kitendo gani kisichoweza kutenguliwa, na ni wakati gani wakala asimame amuulize mwenye picha. Anayeyajua hayo na kuyanyamazia ameshiriki katika madhara yatakayofuata, hata kama mkono uliotenda haukuwa wake.

Kwa hiyo, kila anayeandika mwongozo wa zana ya namna hii na autazame kama amana ya watu asiowajua, na asiutoe mkononi kabla ya kuandika humo mipaka yake.