Walioitwa saa kumi na moja

Somo: Mathayo 20:1-16



Leo neno letu ni kwa wazee wetu wanaotafuta kazi hapa Kampala. Kati yetu wako baba waliofundisha shule miaka mingi kule Bukavu na Uvira, na mama waliokuwa na maduka yao Goma. Vita ikawatoa. Hapa shule zinafundisha kwa Kiingereza, si kwa Kifaransa, na sokoni watu wanaongea Kiganda. Mwenye kazi akiona mvi, anasema anataka kijana. Mzee anarudi nyumbani Katwe au Nsambya, kodi ya chumba inamngoja, naye anasema moyoni: wakati wangu umepita.

Yesu alisimulia habari za mwenye shamba la mizabibu. Alitoka alfajiri, saa tatu, saa sita na saa tisa, akaajiri watu. Saa kumi na moja, jua likielekea kuzama, akakuta wengine bado wamesimama, akawauliza kwa nini. Hawakuwa wavivu. Walijibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Siku nzima waliachwa, lakini hawakuondoka pale. Akawatuma shambani, na jioni akawapa dinari nzima, ujira wa siku. Tena tukumbuke: aliyefanya kazi saa moja ana watoto wenye njaa sawa na watoto wa yule wa alfajiri.

Basi, baba na mama, msiondoke sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Akila na Prisila nao walifukuzwa Rumi kwa amri ya Klaudio, wakafika Korintho wakashona mahema. Paulo, mtu msomi, akaketi nao akashona (Matendo 18:1-3). Mwalimu anayezungusha vitenge leo hajapoteza heshima yake. Na Kifaransa chake hakikubaki Kongo. Wako wazazi ambao wangependa watoto wao wakijue.

Nanyi mlioitwa alfajiri, mlio na kazi tayari, msinung'unike kama wale wa kwanza. Bwana anatafuta watu wa kutoka tena saa kumi na moja. Ukisikia mahali panatakiwa mlinzi, fundi wa cherehani au mwalimu wa jioni, mtaje mzee wa kanisa lako kabla hujamtaja rafiki yako. Vijana, baba yenu akikosea Kiganda msimcheke. Mfundisheni maneno matano kila siku.

Mzee asiye na kazi si mzigo wa kanisa. Ni mfanyakazi ambaye bado hajaitwa, na huenda Bwana anataka kumwita kwa kinywa chako.

Mungu awabariki. Amina.