Serikali Haina Dini. Je, Nyumba Zetu?

Mara kwa mara twasikia Wakristu wakinung'unika kwamba Serikali yetu haina dini, kana kwamba hiyo ni aibu ya taifa. Sisi twaona kuwa manung'uniko hayo yamepotea njia.

Katiba ya Tanzania, katika ibara yake ya 19, yampa kila mtu uhuru wa dhamiri na imani, tena yaweka kazi ya kuendesha jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Je, hapo Kanisa limenyang'anywa kitu? Hata kidogo. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili ulifundisha mwaka 1965 kwamba Kanisa na Serikali vina uhuru, kila kimoja katika eneo lake, navyo vyote viwili huwatumikia watu wale wale. Basi asiyetaka mtawala amchagulie imani, asimwombe mtawala huyo amlazimishe jirani yake.

Lakini liko jambo lituumizalo moyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilifungua njia ya Serikali kutwaa shule nyingi za misioni. Waamini walihuzunika, maana wengi wao walizijenga kwa jasho lao. Hata hivyo mlango haukufungwa: kipindi cha dini kiliruhusiwa shuleni. Tena, mwalimu wa kwanza wa imani hakuwa Serikali kamwe, wala hakuwa mwalimu wa shule. Ni baba na mama. Sala ya jioni ikikoma nyumbani, ni sheria ipi iliyoikomesha? Rozari ikitundikwa ukutani hata ikajaa vumbi, ni waziri gani aliyeitundika?

Na ofisini ni vivyo hivyo. Serikali haina dini, lakini karani wake anayo, na hakimu wake anayo. Akataaye rushwa kwa kumcha Mungu haivunji Katiba. Bali apokeaye Komunio Jumapili, na rushwa Jumatatu, huyo ndiye aliyetenga dini na maisha. Wala hakuna sheria iliyomwamuru.

Tuidai Serikali haki, na hilo ni wajibu wetu. Imani tuitunze wenyewe. Enyi wazazi, msingoje tangazo la mtu: jioni ya leo waiteni watoto, mkapige magoti pamoja.