Usimcheke Usiyemzika

Tarehe 7 Aprili 1979, Brigedi ya 208 ya jeshi letu la Tanzania, chini ya Mwita Marwa, ilipoingia Entebbe, Uganda, ndege ya Libya aina ya C-130 ilikuwa ikijaribu kuruka imepakia askari. Ikapigwa roketi, ikateketea na waliokuwamo. Gaddafi, mtawala wa Libya, alikuwa amewatuma Walibya kumwokoa Idi Amin, mtawala wa Uganda, na baadhi yao walikuwa wanamgambo tu.

Hapa Morogoro kisa hiki nakisikia kikisimuliwa kwa vicheko. Juzi, kijiweni kwa muuza kahawa karibu na soko la Chifu Kingalu, kijana mmoja alikieleza kama goli la dakika za majeruhi. Akainua kiganja kuonyesha ndege inavyopaa, akajaza mashavu pumzi, "puu!", na benchi zima likaangua kicheko. Mzee mmoja aliyepigana vita vile akaweka kikombe chini, kahawa ikiwa nusu, akalipa, akaondoka bila kuaga.

Vita vile tulikuwa na haki navyo. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Kagera, yakaua raia, yakaswaga ng'ombe, yakalipua daraja la Kyaka. Ushindi ni wetu, tujivunie. Kinachoniuma ni kile kicheko.

Uluguru kipo kicheko halali msibani. Mtani hushuka kaburini akajilaza humo, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Huigiza mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa, nao wakacheka huku machozi yanawatoka. Lakini itazameni mikono yake: imejaa udongo. Kaburi kachimba yeye, na siku msiba ukimfika, hao hao wafiwa watakwenda kumchimbia. Sasa sisi kwa wale wa Entebbe tuna utani gani? Nani kati yetu alishika jembe?

Na watu wa huku hatuna udhuru. Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Smuts yaliingia Morogoro, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akarudi nyuma kupitia milima hii kuelekea Kisaki, na pande zote mbili mizigo ilikwenda kwa vichwa na mabega ya Waafrika. Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa, kuhara na malaria, wengi wao bila kaburi lenye jina. Bibi zetu waliwangoja waume na kaka ambao hakuna aliyeleta hata habari zao. Mwenye msiba wa namna hiyo ukooni mwake anapata wapi mdomo wa kumcheka mama wa Tripoli?

Wazee wenzangu, vita hivi tuvisimulie, tusiviache vikafa nasi. Anzeni na Kagera, mtoto ajue kwa nini vijana wetu walikwenda. Mkifika kwenye ndege, semeni kulikuwa na watu ndani, wana wa watu. Na kijana akianza kupuliza mashavu, mkanyeni pale pale, mbele ya wenzake, badala ya kulipa kahawa na kuondoka kimya.