Nyasi Si Malipo

Mtu akiazima shamba la jirani yake, akalilima miaka hamsini, akavuna kila mwaka, kisha siku ya kuondoka akaliacha limejaa mawe na miiba, sisi sote tutasema nini? Tutasema hakutenda haki. Hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha neno hilo. Lakini mwenye kuazima akiwa ni kiwanda, na shamba likiwa ni ukingo wa ziwa uliokuwa furaha ya mji mzima, akili zetu huanza kusitasita. Twasema: Kiwanda kilileta kazi, kilileta taa, basi tusiulize zaidi.

Leo, wasomaji wapenzi, tuulize zaidi kidogo. Ukingo wa maji uliochafuliwa na viwanda waweza kurudishwa kwa watu uwe bustani yao. Jambo hilo limefanyika katika miji mingi, na kila mtu hulisifu. Lakini je, bustani nzuri yatosha kulipa deni la zamani? Tusijibu upesi. Twende kwanza tukatazame mahali pamoja, ndipo tuseme.

MAHALI PENYEWE

Katika mji wa Seattle, Marekani, kuna ziwa liitwalo Lake Union. Upande wa kaskazini, ncha moja ya nchi kavu yaingia majini. Mwaka 1903 mji ulimwita John Charles Olmsted, fundi mashuhuri wa kupanga bustani, apate kutoa shauri lake. Alipoiona ncha ile, alishauri itunzwe iwe bustani ya watu wote, kwa kuwa mtu akisimama pale hulitazama ziwa vizuri.

Shauri lilikuwa jema, lakini halikufuatwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1906, palijengwa kiwanda cha gesi mahali pale pale. Makaa ya mawe yalitiwa katika matanuru hata yakatoa gesi, na gesi ikapelekwa kwa mabomba mpaka majumbani. Watu wakapikia chakula, wakaota moto wakati wa baridi. Tangu mwaka 1937 mafuta yalishika nafasi ya makaa. Mwaka 1956 gesi itokayo ardhini ilipofika mjini kwa mabomba kutoka mbali, kiwanda kilifungwa. Kilikuwa kimefanya kazi miaka 50. Ikabaki minara ya chuma yenye kutu, na chini yake udongo ulioshiba lami na mafuta.

Mwaka 1962 mji ulipatana na wenye kiwanda kununua mahali pale, ekari zapata 20. Mjumbe mmoja wa baraza la mji, Bibi Myrtle Edwards, alilipigania sana jambo hilo. Alikufa katika ajali ya gari mwaka 1969, na mji ukataka bustani ichukue jina lake. Lakini hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

KUFICHA AU KUONYESHA?

Kazi ya kupanga bustani alipewa Richard Haag, mwalimu wa chuo kikuu. Watu walitazamia kwamba atabomoa kila kitu, apande miti na maua. Haag hakufanya haraka. Aliweka ofisi yake katika jengo moja la kiwanda kile kile, akaitazama minara siku baada ya siku. Mwishoni akasema: Minara ibaki.

Wengi walikasirika. Mwaka 1972 jamaa ya Bibi Edwards waliomba jina la marehemu liondolewe, kwa sababu mabaki ya kiwanda yangebaki kusimama. Ombi lao likakubaliwa, na mwaka 1976 jina lile likapewa bustani nyingine ya mji, iliyo kando ya ghuba ya bahari.

Tusiwacheke watu wale. Nani kwetu angependa jina la mama yake liandikwe juu ya chuma chenye kutu? Mtu anayeponywa kidonda hapendi kuonyeshwa kisu kila asubuhi. Tena, aliyevuta moshi wa kiwanda tangu utoto wake ana haki ya kutamani siku asiyokiona tena. Maneno yao yana uzito.

Lakini maneno ya Haag nayo yana uzito, na mimi nadhani yanazidi. Tuna methali isemayo: Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Lau minara ingaling'olewa na kila kitu kufunikwa, watoto wa mji wangaliambiwa uongo bila neno kusemwa. Wangalidhani kwamba moto wa jikoni mwa bibi zao ulitoka hewani. Wangalidhani kwamba ukingo ule ulikuwa siku zote majani mabichi. Tena, watu walitoa jasho pale, mchana na usiku, wakilisha matanuru. Je, kazi yao ilikuwa aibu hata isibaki alama yake hata moja? Mji wenye heshima hukumbuka yote mawili: mkate ulioupata, na uchafu ulioletwa na mkate huo.

JE, KUONYESHA KWATOSHA?

Hapana. Mtu aweza kuungama deni lake mbele ya watu wote asilipe hata senti moja. Kukumbuka ni mwanzo wa haki. Haki yenyewe bado.

Ilibidi kuusafisha udongo. Haag na wenzake hawakutaka kuuchukua wote na kuutupa kwa watu wengine. Walichanganya ndani yake unga wa mbao na tope lililotoka katika maji machafu ya mji, wakaulima, ili vijidudu visivyoonekana kwa macho vile yale mafuta polepole. Kifusi kilirundikwa kikawa kilima, kikafunikwa kwa udongo mzuri. Leo watoto hurusha tiara za karatasi juu yake kwa upepo wa ziwani. Nyumba ya mitambo ya mvuke ikawa mahali pa jamaa kula chakula pamoja. Mashini nyingine zikapakwa rangi za kupendeza, zikawa mchezo wa watoto. Mwaka 1975 bustani ilifunguliwa, na watu wa nchi nyingi wakaja kujifunza.

Je, hadithi ilikwisha? Mwaka 1984 bustani ilibidi ifungwe kwa muda ili udongo upimwe, kwa kuwa sumu ilionekana bado. Ilifunguliwa tena, na kazi ya kusafisha ikaendelea mwaka baada ya mwaka. Hata leo watu wamekatazwa kuoga ziwani mahali pale, maana tope la chini ya maji bado lina sumu. Angalia hesabu hii, ndugu msomaji: kiwanda kilifanya kazi miaka 50. Tangu kifungwe imepita zaidi ya miaka 60, na uchafu wake ungalipo. Uchafu umeishi kuliko kiwanda.

Hapa ndipo penye hatari ya uzuri. Mtu huketi juu ya nyasi, huona maji yanang'aa, husema moyoni: Yote yamekwisha, deni limelipwa. Lakini nyasi si malipo. Nyasi zaweza kuwa kama shuka safi juu ya kitanda cha mgonjwa. Shuka ni njema, mgonjwa ahitaji shuka. Lakini tusiite shuka dawa.

NANI ALIPE?

Gharama ya kusafisha imewaangukia wawili: mji, na kampuni iliyoirithi ile ya gesi ya zamani. Wengine watauliza: Hii ni haki gani? Kijana aliyezaliwa juzi hakuchoma makaa hata kidogo. Mfanyakazi wa kampuni ya leo hakumwaga lami. Tena, watu wa mwaka 1906 hawakujua yote tunayoyajua sisi. Kwa nini wasio na kosa watoe fedha?

Swali hili ni gumu kidogo, lakini desturi zetu zatusaidia kulijibu. Mtu akifa, watoto wake wakirithi nyumba na mbuzi, hurithi na madeni yake. Hakuna anayewaambia: Ninyi ni wezi. Huambiwa tu: Mmechukua mbuzi, chukueni na deni. Basi tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya: hatia na deni. Mtu aweza kuwa na deni bila kuwa na hatia. Kampuni ilirithi mabomba na wateja. Mji ulirithi miaka 50 ya moto na joto. Aliyekula urithi asikatae deni.

Na deni hili lina sehemu nyingine, ambayo haikutazamiwa. Vijana kadhaa wamepanda juu ya minara ile wakaanguka, wakafa. Sasa wengine wanauliza upya kama minara ibaki. Mimi niliyeitetea minara yanipasa kujibu. Nasema hivi: ukumbusho uliwekwa kwa ajili ya watu, watu hawakuwekwa kwa ajili ya ukumbusho. Ngazi na mabomba yanayompa kijana njia ya kupanda yaondolewe, hata kama wapenzi wa mambo ya kale watasikitika. Chuma kinaweza kupunguzwa, na ukweli ukabaki umesimama. Mtoto akipotea, hatuwezi kumjenga upya.

NASI JE?

Pengine utasema: Seattle ni mbali. Lakini nani katika Lubumbashi asiyejua lile bomba refu la moshi, na kilima cheusi cha mabaki ya shaba kando yake? Wazee wanapoliona wanakumbuka kazi, mshahara na posho. Wengine wanakumbuka kifua cha baba kilichokohoa. Na miji yetu iliyo kando ya mito na maziwa nayo ina maghala na viwanda vilivyonyamaza. Siku moja watu watakuja na karatasi zenye picha za bustani, nasi tutafurahi. Yafaa tufurahi. Lakini kabla ya kupiga makofi tuulize maswali matatu.

La kwanza: Je, udongo na maji vimepimwa, na watu wameambiwa kweli yote? La pili: Nani alikula faida, na nani aliyemrithi atalipa, hata ikiwa kazi itachukua miaka mingi? La tatu: Je, mama muuza mihogo wa mtaa wa karibu ataingia bila kulipa, akae na watoto wake mahali pazuri pa kutazama maji? Maana asipoingia yeye, ukingo haukurudishwa. Umeuzwa mara ya pili.

Nafikiri mara nyingine juu ya baba aliyemshika mtoto wake mkono kule Lake Union siku ya joto. Mtoto amevua viatu, ataka kutia miguu majini. Baba amwambia: Usiingie. Mtoto auliza: Kwa nini? Na baba, akiwa mtu wa kweli, aelekeza kidole kwenye minara, aanza kueleza. Hiyo ndiyo faida ya minara, kwamba baba ana mahali pa kuanzia.

Lakini siku ile baba atakapoweza kusema: Ingia, mwanangu, maji ni mazuri, siku hiyo ndipo tutakaposema deni limekwisha. Mpaka hapo kazi iendelee. Wazee walikwisha kutuambia: Dawa ya deni ni kulipa.