Goma Ilipoanguka, Nani Atubu?

Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, mwishoni mwa Januari 2025, mahubiri ya aina moja yamezunguka Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, hasa kwenye mikesha ya maombi. Jeshi limekimbia, tunaambiwa, kwa kuwa Mungu ametupa kisogo. Naye ametupa kisogo kwa sababu ya pombe, uzinzi na uchawi wetu. Mimi nafundisha historia na dini katika shule ya sekondari hapa Butembo, na jioni nafundisha katekisimu. Mahubiri hayo ni historia mbovu, na dini yake ni mbovu zaidi.

Sikatai kwamba yaliyotupata yanatisha. Mji wa Kanyabayonga ulianguka mwishoni mwa Juni 2024, na Kirumba haikuchukua wiki. Januari iliyofuata, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Peter Cirimwami, alijeruhiwa karibu na Sake akafariki, na siku chache baadaye Goma ikawa imekwenda. Katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Serikali ya jimbo ikahamia Beni. Nyuma ya M23, kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa walivyoandika mara kwa mara, lilikuwapo jeshi la Rwanda. Kitu kikivunjika kwa kasi hiyo, mtu hutafuta sababu kubwa inayolingana nacho, na hakuna sababu kubwa kuliko Mungu.

Mama mmoja aliyekimbia Kanyabayonga, ambaye sasa anauza makaa karibu na parokia yetu, aliniuliza baada ya ibada: “Mwalimu, sisi tulikosea nini?” Alikuwa na watoto na godoro la sponji lililoletwa kwa chukudu, kile kigari chetu cha mbao. Nikamuuliza nani amemwambia kwamba alikosea. Akanitajia mhubiri. Nilimjibu kwamba Ayubu naye alikuwa na marafiki wa namna hiyo: walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, wakafanya vema; walipofumbua vinywa ndipo walipoharibu. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, wala si Ayubu.

Mahubiri ya namna hiyo hatukuyaanza sisi. Darasani huwa nawapa wanafunzi habari ya Ufaransa mwaka 1940. Wajerumani walianza kushambulia tarehe 10 Mei. Siku ya tatu baada ya hapo walikuwa wanavuka mto Meuse pale Sedan, baada ya kupita msitu wa Ardennes ambao majenerali wa Ufaransa waliuona haupitiki kwa haraka na vifaru. Ubelgiji, iliyokuwa bwana wetu, ilidumu siku 18. Paris iliingiwa tarehe 14 Juni, na tarehe 22 Ufaransa ikatia saini mkataba wa kusimamisha vita. Na hii ilikuwa nchi yenye vifaru vingi kuliko vya Wajerumani.

Tarehe 19 Mei, Waziri Mkuu Reynaud na serikali yake walikwenda kusali katika kanisa kuu la Notre-Dame. Siku hiyohiyo alimwachisha kazi mkuu wa majeshi, Gamelin, ambaye makao yake pale Vincennes hayakuwa hata na redio ya mawasiliano. Mwezi mmoja baadaye Marshali Pétain, aliyeshika nafasi ya Reynaud, akawatangazia Wafaransa kwamba walishindwa kwa kuwa walipenda anasa kuliko kujitoa. Ni mahubiri yetu yaleyale, ila yamevaa sare. Na makumi ya maelfu ya askari wa Ufaransa walikuwa wamekufa vitani katika wiki hizo sita. Hao nao walipenda anasa?

Mwanahistoria Marc Bloch, aliyekuwa kapteni wa kushughulikia mafuta ya jeshi, hakuridhika. Mwaka huohuo alikaa akaandika kitabu juu ya kushindwa kule, akawauliza wakubwa wake maswali ya kawaida: nani alitoa amri, ilifika saa ngapi, kwa nini waliwaza polepole kuliko adui. Wajerumani walimpiga risasi Juni 1944, na kitabu kikatoka mwaka 1946. Kwangu mimi, uchunguzi ule wa dhamiri ni wa kidini kuliko hotuba ya Pétain.

Tuulize basi na sisi. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulileta hapa ujumbe uitwao EUSEC, na kazi yake moja kubwa ilikuwa kutenganisha njia ya amri na njia ya malipo, kwa maana mshahara wa askari ulipita mikononi mwa wakubwa wake ukifika umeliwa. Machi 2025, Goma na Bukavu zikiwa zimekwisha kwenda, Rais Tshisekedi aliamuru mishahara ya askari na polisi iongezwe mara mbili. Ukiongeza mshahara baada ya kushindwa, umekiri. Yohane Mbatizaji aliwaambia askari waridhike na mishahara yao, lakini ni wazi alidhani inawafikia.

Lakini aliyepandishwa kizimbani ni nani? Julai 2024 mahakama ya kijeshi ya Butembo iliwahukumu kifo askari 25 kwa kukimbia mbele ya adui na kwa wizi. Waliopora maduka ya watu wana kosa, na walioporwa wanadai haki. Ila nilimwona mmoja wa askari waliorudi kutoka vitani upande wa Lubero, amekaa kwenye jiwe, buti lake moja limefungwa kwa waya wa umeme, anaomba maharagwe. Hukumu inayomfikia huyo na kumpita aliyekula pesa ya buti si ya Mungu.

Wahubiri hunijibu kwa Yeremia: si yeye aliyesema Babeli ni adhabu? Ndiyo. Aliwakaripia watu wote langoni mwa hekalu. Lakini alisema mapema, mji ungali umesimama, na maneno makali kabisa aliyapeleka ikulu: alimshutumu Mfalme Yoyakimu kwa kujijengea jumba huku akiwanyima wafanyakazi ujira wao. Kwa ajili ya mahubiri yake alipigwa, akatiwa katika kisima chenye matope. Mji ulipoanguka alibaki na maskini. Anayetaka kumnukuu Yeremia aanze na ujira, na aupeleke ujumbe huo Kinshasa, si kwa mama wa makaa.

Na kama vifo ni kipimo cha dhambi, tuwaweke wapi waliouawa na bomu kanisani Kasindi tarehe 15 Januari 2023, katika ibada ya ubatizo? Yesu mwenyewe aliwataja walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Kisha akawaita waliokuwa wakimsikiliza watubu. Toba ni ya aliye hai na mwenye uwezo wa kubadili jambo.

Kwa hiyo nawaomba mapadri, wachungaji na makatekista wenzangu: tufunge, tukeshe, tuombe. Lakini tukipanda mimbari tuache kuwadai toba waliokimbia na magodoro vichwani. Tuwadai wenye mihuri na hesabu za jeshi. Hao ndio wanaodaiwa, na majina yao yanajulikana.