Mechi Isiyochezwa

Katika mawe ya Kilosa na Mikumi usitafute brakiopodi, hutampata. Miamba ya milima ya Rubeho ilipikwa na kukandamizwa ardhini kabla hajazaliwa mnyama yeyote mwenye kombe. Mawe ya Karoo yaliyoko upande wa Mikumi ni matope ya mito na maziwa ya enzi ya Permi, ilhali brakiopodi ni wa bahari. Kuikuta bahari ya kale inabidi upande treni kuelekea mashariki, uipite Morogoro na Ngerengere, hadi Kidugallo, kwenye mawe ya chokaa ya enzi ya Jura. Brakiopodi wa bahari ya enzi hiyo upande huu wa Afrika walichambuliwa London na mwanasayansi Helen Muir-Wood, ambaye mwaka 1935 aliipa jamii yao moja jina la Somalirhynchia.

Ukimwona brakiopodi utadhani ni chaza. Lakini chaza ana kombe la kulia na la kushoto; huyu ana la juu na la chini, na hayalingani. Kubwa lina tundu la kupitishia kikonyo cha kujishikiza kwenye mwamba. Ndani nyama ni haba: kuna mikono yenye vinyweleo inayochuja chakula majini, basi.

Wameishi zaidi ya miaka milioni 500, na kwa muda mrefu sakafu ya bahari ilikuwa yao. Kisha, miaka milioni 252 iliyopita, volkano za Siberia zikafumuka, bahari ikapata joto na kuishiwa oksijeni, wengi mno wakafa. Leo zimesalia aina 400 hivi, na pwani zimejaa chaza.

Hapo ndipo hadithi ilipozuka: chaza ni hodari, brakiopodi ni mzembe, mshindi kajulikana. Ilifundishwa muda mrefu, mpaka mwaka 1980 wanasayansi Stephen Jay Gould na Bradford Calloway walipohesabu jamii zao enzi kwa enzi. Hawakuona dalili kwamba kundi moja lilipanuka kwa kulisukuma jingine. Wakati wa neema yote mawili yaliongezeka. Balaa ndilo lililowapiga brakiopodi zaidi. Mechi yenyewe haikuchezwa. Sisi tulisoma matokeo, tukabuni mchezo.

Na Lingula, brakiopodi anayejichimbia kwenye matope ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, naye husifiwa kwa kudumu, kana kwamba kudumu ni cheti cha tabia njema. Kama kufa kwa wenzake hakukuwa hukumu, kubaki kwake hakuwezi kuwa tuzo.

Nawaza haya nikiikumbuka Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipofurika, ukazoa nyumba na kuikata Reli ya Kati. Msiba wa namna ile haukosi maswali: tumemkosea nani? Mungu anatuonya nini? Swali hilo lina heshima yake. Ni la mtu anayekataa kuamini kwamba nyumba yake ilikuwa tu kwenye njia ya maji. Ila ndani yake limejificha wazo baya, kwamba jirani aliyesalimika alistahili kusalimika. Wazo hilo likishaingia, mwenye nyumba kavu humwangalia aliye hemani kwa jicho jingine.

Hata hivyo, brakiopodi hawawezi kunibeba hadi mwisho wa hoja hii. Volkano za Siberia hazikuwa na mwenyewe. Tuta la mto lina aliyelijenga na anayepaswa kulitunza, na milima iliyofyekwa miti ina waliofyeka. Anayekimbilia kusema ni mapenzi ya Mungu kabla hajauliza tuta lilitunzwaje, mimi naona anamsingizia Mungu.

Wapo waliorudi kulima bondeni. Wapita njia huwashangaa, huwaita wabishi, wakipima maisha yao yote kwa usiku mmoja wa maji. Wanasahau kwamba udongo ule mweusi wa mahindi na mpunga uliletwa na mto uleule, na kwamba kati ya mafuriko na mafuriko kuna misimu mingi ya kuvuna, kusomesha watoto na kuoza mabinti. Anayewaambia wahamie mlimani awaonyeshe kwanza shamba lililoko huko.